Machipuo Madogo: Maneno ya Kijapani Yatajayo Joto Lisilo la Majira Yake

Katika lugha ya Kijapani liko neno koharubiyori, ambalo kamusi hulieleza kuwa ni siku ya jua na utulivu, yenye joto la kupendeza, inayotokea kati ya mwisho wa majira ya kupukutika majani na mwanzo wa majira ya baridi. Neno hili lina sehemu tatu: ko, yaani dogo, haru, yaani machipuo, na biyori, yaani hali njema ya siku. Mtu azisomaye sehemu hizo moja moja atadhani kuwa linasemwa juu ya mwanzo wa machipuo, baridi inapoanza kuondoka. Dhana hiyo ni kosa. Lakini ni kosa ambalo siku hizi hufanywa na Wajapani wenyewe. Katika uchunguzi wa Idara ya Utamaduni ya Japani juu ya lugha ya taifa, ule wa mwaka wa fedha 2014, wapatao nusu tu ya watu walioulizwa walilieleza neno hili kwa maana yake ya asili, na wapatao 4 katika kila 10 walisema kuwa ni joto la mwanzo wa machipuo.

Kosa hilo lina mambo mengi ya kufundisha. Linafunua jinsi msamiati wa joto ulivyojengwa katika Kijapani, kwamba neno halifuati kipimajoto peke yake bali hufuata pia nafasi ya siku katika kalenda. Makala haya yanaeleza maneno yatumikayo kutaja joto lijalo nje ya wakati wake. Maneno hayo yako makundi mawili. Kundi la kwanza hulipa joto hilo mahali pake katika mwaka, hata likawa kama mgeni ambaye kuja kwake hujulikana. Kundi la pili halilipi mahali popote. Hupima tu umbali uliopo kati ya siku ilivyo na siku ilivyotarajiwa kuwa. Kundi la kwanza ni la kale na maana zake zinalegea. Kundi la pili ni jipya na linazidi kukua. Mabadiliko hayo yanawahusu watunga kamusi na wafasiri kama yanavyowahusu watabiri wa hali ya hewa.

Kalenda na Ngozi

Wajapani huugawa mwaka katika majira manne: haru, natsu, aki na fuyu. Kuyataja majira haya kwa Kiswahili kunahitaji uangalifu. Wafasiri wengine huandika masika kwa haru na vuli kwa aki. Lakini masika ya Afrika Mashariki ni wakati wa mvua kubwa, na vuli ni wakati wa mvua ndogo. Mfasiri akiandika "masika madogo" kwa koharu, msomaji wa Tanga au Mombasa ataona mawingu na matope mahali ambapo neno la Kijapani lilikusudia anga jeupe na jua. Kwa hiyo humu haru itaitwa machipuo, natsu itaitwa majira ya joto, aki itaitwa majira ya kupukutika, na fuyu itaitwa majira ya baridi.

Zamani Japani ilifuata kalenda iliyohesabu miezi kwa mwandamo na kuirekebisha kwa mwendo wa jua. Tarehe 1 Januari 1873 serikali ilianza kutumia kalenda ya Gregori. Lakini vile vituo 24 vya mwaka wa jua, vilivyotoka China, havikutupwa. Mpaka leo huandikwa katika kalenda na hutajwa katika habari za hali ya hewa. Vinne kati ya hivyo ni milango ya majira. Risshun, mwanzo wa machipuo, huwa karibu na tarehe 4 Februari. Rikka, mwanzo wa majira ya joto, huwa karibu na tarehe 5 Mei. Risshū, mwanzo wa majira ya kupukutika, huwa tarehe 7 au 8 Agosti. Na Rittō, mwanzo wa majira ya baridi, huwa tarehe 7 au 8 Novemba.

Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba milango hii hufunguliwa kabla hali ya hewa haijabadilika. Mwanzoni mwa Februari baridi ya Tokyo iko katika ukali wake, na mwanzoni mwa Agosti joto liko katika kilele chake. Hivyo tangu zamani kalenda ilimdai Mjapani ataje majira ambayo ngozi yake haijayahisi. Kutokana na dai hilo yakazaliwa maneno mawili yanayotazamana. La kwanza ni yokan, baridi iliyobaki baada ya Risshun. La pili ni zansho, joto lililosalia baada ya Risshū. Adabu ya kuandikiana barua yaonyesha jinsi mpaka huu unavyoshikwa. Kabla ya Risshū, salamu anazotumiwa ndugu au mkubwa ili kujuliwa hali huitwa shochū mimai, yaani salamu za katikati ya joto. Risshū ikishapita huitwa zansho mimai, salamu za joto lililosalia, hata kama siku hiyo jua ni kali kuliko siku zote zilizotangulia. Kipimajoto hakiulizwi. Neno zansho halisemi kuwa joto limepungua, bali kwamba joto limekaa kupita muda wake.

Neno Koharu

Koharu lilikuwa kwanza jina la mwezi. Kitabu cha Kichina cha karne ya 6 kiitwacho Jingchu Suishiji, kinachoeleza desturi za mwaka katika nchi za katikati ya mto Yangtze, chasimulia kuwa mwezi wa kumi una hali ya upole iliyo kama ya machipuo, na kwa sababu hiyo ukaitwa machipuo madogo. Wajapani walilipokea jina hilo pamoja na maandishi yake. Katika karne ya 14 Yoshida Kenkō alilitumia katika kitabu chake Tsurezuregusa, mahali anapozungumza juu ya majira yanavyofuatana, na jinsi dalili za majira yajayo zinavyokuwamo tayari ndani ya majira yaliyopo. Mwezi wa kumi wa kalenda ile ya zamani huangukia, kwa kalenda ya leo, takriban Novemba na siku za mwanzo za Desemba. Ndiyo maana neno hili limefungwa mahali hapo.

Maana ya kiambishi ko- inahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Katika Kiswahili kiambishi ki- hudogosha umbo, kama mlima uwavyo kilima. Ko- ya Kijapani nayo hudogosha katika maneno mengi, lakini katika koharu haipunguzi kitu, inafananisha. Mifano iko. Miji ya Japani yenye mitaa ya kale inayokumbusha mji mkuu wa zamani huitwa Shōkyōto, "Kyoto ndogo" (hapa alama ileile ya ko- husomwa shō), na mji wa Kawagoe huitwa Koedo, "Edo ndogo", kwa sababu umehifadhi maduka ya ghala yanayofanana na yale ya Edo, jina la kale la Tokyo. Hapana mtu aitaye Kyoto yenyewe Shōkyōto. Kwa kanuni hiyohiyo, hapana haki ya kuyaita machipuo yenyewe koharu. Kufanana kunahitaji vitu viwili, na kitu hakifananishwi na nafsi yake. Koharu ni hali iliyo kama machipuo na isiyo machipuo. Ikiondolewa ile baridi inayoizunguka, neno limekwisha kazi.

Sehemu ya mwisho, biyori, kwa asili ni hiyori. Katika Kijapani maneno mawili yakiungana, konsonanti ya mwanzo ya neno la pili mara nyingi hugeuka kuwa ya ghuna. Hapa h imegeuka b, kama hito, mtu, lirudiwapo na kuwa hitobito, watu. Hiyori ni hali ya anga, hasa anga njema, na lina harufu ya bahari. Katika bandari nyingi za Japani kuna kilima kiitwacho Hiyoriyama, yaani mlima wa hiyori, ambapo mabaharia walipanda kuitazama hali ya hewa kabla ya kutweka matanga. Baadaye neno likapata maana ya siku inayofaa kwa shughuli fulani: sentakubiyori ni siku inayofaa kufua nguo. Basi koharubiyori hubeba ndani yake hukumu ya kuwa siku ni njema na inafaa. Siku ya joto lenye upepo mkali au lenye kuchosha haistahili jina hilo, hata ikiangukia Novemba.

Mataifa mengine ya kaskazini nayo yameziona siku za joto zijazo wakati mwaka unapoelekea baridi, ingawa kwao huja mapema zaidi, Septemba na Oktoba. Wajerumani huziita Altweibersommer, yaani majira ya joto ya wanawake wazee, na Warusi huziita bab'e leto, yaani majira ya joto ya wanawake. Hao wote hulifananisha joto hilo na majira yaliyopita, kana kwamba yamerudi kuchukua kitu yalichosahau. Wachina na Wajapani walilifananisha na majira yajayo. Tofauti hii si ya pambo tu. Majira ya joto yakirudi huleta joto; machipuo yakitangulia huleta upole na tumaini. Neno koharu liliwekewa kiasi chake tangu mwanzo, nacho ni kiasi cha upole.

Maneno ya Washairi

Wanaoyalinda zaidi maneno ya namna hii ni watunzi wa haiku, yale mashairi mafupi yenye vipimo vya sauti 17. Kwa kanuni ya kale, kila shairi huwa na neno la majira, liitwalo kigo, na maneno hayo hukusanywa katika vitabu viitwavyo saijiki, ambamo kila neno limepewa majira yake. Humo joto na baridi vimepangwa kwa namna inayoweza kumshangaza mgeni. Atataka, yaani hali ya joto la kupendeza, ni neno la machipuo. Atsushi, joto kali, ni la majira ya joto. Samushi, baridi, ni la majira ya baridi. Lakini suzushi, ubaridi wa kuburudisha, limewekwa katika majira ya joto, na ubaridi wa majira ya kupukutika una neno lake jingine, hiyayaka.

Mpango huo una akili. Mtu huutambua ubaridi wa kuburudisha pale alipochoka na joto, na huutambua uvuguvugu pale alipotoka katika baridi. Maneno haya hayataji vipimo bali hutaja nafuu. Nyuzi 20 za sentigredi katika Januari ni atatakai, na nyuzi hizohizo katika Agosti ni suzushii. Hewa ni ileile, ila mahali mtu anapotoka ni mbalimbali. Basi mshairi atakaye kusema kuwa siku ya Januari ina joto hawezi kuandika atataka peke yake, kwa kuwa msomaji atahamishwa mara moja hadi Machi au Aprili. Yampasa aandike fuyu atataka, "joto la majira ya baridi". Neno hilo nalo limeingizwa katika saijiki, likawa neno la baridi kwa haki yake. Hivyo hata hali isiyo ya kawaida ilipewa kiti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa maua. Mcherehi au mti mwingine uchanuao wakati wa machipuo huweza kutoa maua machache Oktoba au Novemba. Sababu yake inajulikana: katika majira ya kupukutika majani hupeleka kwenye machipukizi kemikali inayoyalaza mpaka baridi ipite, majani yakipukutishwa mapema na tufani au yakiliwa na wadudu, kisha zikafuata siku za joto, baadhi ya machipukizi huamka. Kijapani kina majina mawili kwa tukio hili. La kwanza ni kuruizaki. Kitenzi kuruu husemwa juu ya mtu aliyerukwa na akili, na pia juu ya saa isiyokwenda sawa. Basi kuruizaki ni kuchanua kwa wazimu, au kuchanua kwa mti ambao saa yake imeharibika. La pili ni kaeribana, "ua lililorudi", na katika saijiki ni neno la mwanzo wa majira ya baridi. Ua ni lile moja. Jina la kwanza linaona hitilafu; jina la pili linaona ziara. Katika majina haya mawili makundi mawili ya msamiati yanaonekana yamesimama ubavu kwa ubavu.

Maneno ya Kipimo

Kundi la pili lilikua pamoja na vyombo vya kupimia na ofisi za kutabiri. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani huziita siku kwa vipimo. Natsubi, "siku ya majira ya joto", ni siku ambayo joto la juu limefika nyuzi 25 au zaidi. Manatsubi, "siku ya majira ya joto hasa", ni ya nyuzi 30 au zaidi. Mōshobi, "siku ya joto la ukali", ni ya nyuzi 35 au zaidi. Neno hili liliingizwa katika istilahi za Idara mwaka 2007, kwa kuwa siku za namna hiyo zilikuwa zimekuwa nyingi hata zikahitaji jina. Mwaka 2022 Nihon Kishō Kyōkai, taasisi ya utabiri isiyo ya serikali, iliongeza jina kokushobi kwa siku zinazofika nyuzi 40. Ngazi imekuwa ikiongezwa vipandio kwa juu.

Yafaa kutambua kilichotokea ndani ya neno natsubi. Jina lake lataja majira, lakini maana yake haina majira. Siku ya Aprili yenye nyuzi 25 ni natsubi, na ya Novemba yenye nyuzi hizo ni natsubi. Neno limetolewa katika kalenda likatiwa katika kipimajoto, na natsu iliyomo ndani yake imebaki kama picha katika sarafu.

Neno jingine lenye kazi kubwa ni nami. Asili yake ni kupanga kwa safu, na kutokana na hapo ikaja maana ya kuwa sawa na wengine, kuwa wa kawaida. Heinen-nami ni sawa na miaka ya kawaida. Watabiri husema shigatsu-nami no atatakasa, "joto lililo sawa na la Aprili", hata kama ni Februari. Ukichunguza vema, kazi ya -nami ni ileile ya ko- katika koharu: siku ya wakati huu inafananishwa na ya wakati mwingine. Lakini ko- ilifananisha mara moja tu na kwa daima, mwezi wa kumi na machipuo, basi. Kufanana huko kukawa jina. -Nami hufananisha siku yoyote na mwezi wowote, kwa kuangalia jedwali la wastani, na kesho yake mfano huo huachwa. Hapana jina linalozaliwa. Aliyesikia "sawa na Aprili" amepata habari ya kumsaidia kuchagua nguo, lakini hakupata neno la kumwachia mwanawe.

Pamoja na hayo liko kisetsu-hazure, linalotumika kwa joto, baridi, theluji au maua yasiyo ya wakati wake. Kisetsu ni majira. Hazure latokana na hazureru, kutoka mahali pake: mlango uliochomoka katika reli zake umehazureru, na tikiti ya bahati nasibu isiyopata kitu ni hazure. Kisetsu-hazure no atatakasa, basi, ni joto lililochomoka katika majira. Hapa hapana ufananisho wowote; kuna kutangaza kuwa kitu hakimo mahali pake.

La mwisho katika kundi hili ni dantō, majira ya baridi yenye joto. Katika matumizi ya Idara si neno la kukisia. Wastani wa joto wa Desemba hadi Februari hulinganishwa na miaka 30 ya msingi, na ukiingia katika theluthi ya juu, majira hayo huitwa dantō. Yale ya mwaka 2019 kuingia 2020 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyotangulia tangu kumbukumbu za nchi nzima zianze mwaka 1898. Lakini miaka ya msingi hubadilishwa kila baada ya miaka 10. Mwaka 2021 ile ya 1981 hadi 2010 iliachwa, ikashikwa ya 1991 hadi 2020, ambayo wastani wake una joto zaidi. Matokeo yake ni kwamba majira ya baridi ambayo kwa kipimo cha zamani yangeitwa dantō yaweza kuitwa ya kawaida kwa kipimo kipya. Neno limesimama, nacho kilichotajwa kimehama chini yake bila sauti.

Maneno Yanayohama

Tarehe 7 Novemba 2023 joto la Tokyo lilifika nyuzi 27.5, likavunja kiwango cha juu cha Novemba cha nyuzi 27.3 kilichokuwa kimedumu tangu 1923. Kesho yake, tarehe 8, ilikuwa Rittō. Mkesha wa mwanzo wa majira ya baridi ulikuwa "siku ya majira ya joto" kwa hesabu ya Idara. Kwa tarehe, siku kama hiyo imekaribia kabisa eneo la koharubiyori. Kwa hali yake, haimo. Nyuzi 27 si atatakai. Ni atsui, joto la kutoa jasho, na neno lililotengenezwa kwa upole haliwezi kulibeba. Vyombo vya habari viliita natsubi, kwa kuwa hapakuwa na jina jingine.

Hali kadhalika iko methali ya Kijapani isemayo kuwa joto na baridi vyote hufika mpaka higan tu. Higan ni siku saba zinazozunguka tarehe ambayo mchana na usiku hulingana, Machi na Septemba. Kwa methali hiyo, joto la zansho lapasa kukoma kabla Septemba haijaisha. Tarehe 19 Oktoba 2024 Tokyo ilifika nyuzi 30.1, manatsubi iliyochelewa kuliko zote katika kumbukumbu za mji huo. Wastani wa joto wa mwaka nchini Japani umekuwa ukipanda kwa zaidi ya nyuzi 1 katika kila miaka 100, na kupanda huko ndiko kunakozifanya siku za namna hii zisiwe tena ajabu. Mwaka 2025 neno niki, "majira mawili", lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyoteuliwa katika shindano la kila mwaka la maneno mapya na yanayovuma. Limeundwa kwa mfano wa shiki, majira manne, na linadai kuwa machipuo na majira ya kupukutika yamebanwa kati ya joto refu na baridi.

Hata hivyo haitakuwa haki kuutupia ulimwengu wenye joto lawama yote ya kulegea kwa koharubiyori. Sababu ya kwanza imo ndani ya neno lenyewe. Tangu 1873 mwezi wa kumi si Novemba tena bali ni Oktoba, na ile habari ya kuwa koharu ni jina la mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani imebaki kwa wasomaji wa vitabu. Nanga ilipokatika, haru, sehemu inayoeleweka na kila mtoto, ililivuta neno kuelekea kwake. Sankan shion lilipatwa na jambo la namna hiyo. Maana yake ni "siku tatu za baridi, siku nne za joto", nalo lilitoka kaskazini ya China na rasi ya Korea, ambako lilieleza zamu za baridi na joto katikati ya majira ya baridi. Saijiki huliweka katika majira ya baridi hata leo. Lakini nchini Japani zamu hizo si za kawaida katika Januari, zinaonekana zaidi Februari na Machi, na kwa hiyo wasemaji wamelihamishia huko. Maneno yote mawili yamehama upande mmoja: yametoka katika baridi yakaingia katika machipuo. Kwa wengi, joto likitajwa ndani ya baridi halisomwi tena kuwa nafuu ya kupita, bali kuwa dalili ya mabadiliko.

Kazi ya Mtunga Kamusi na Mfasiri

Mtunga kamusi akabiliwaye na neno kama koharubiyori ana njia mbili za kukosea. Akiandika "siku ya joto la kupendeza" bila kutaja Novemba, ameua neno, kwa sababu tarehe ndiyo nusu ya maana. Akiandika maana ya asili tu na kunyamaza juu ya ile ya watu 4 katika kila 10, amewaandikia waliokufa. Lililo bora ni kueleza maana ya kwanza pamoja na sababu ya jina, kisha kuonya kuwa matumizi ya machipuo yapo na kwamba bado huhesabiwa kuwa kosa.

Mfasiri naye asitafute neno moja la Kiswahili la kusimama mahali pa koharubiyori, kwa kuwa kufanana kunakotajwa na neno hilo ni kwa majira ambayo pwani ya Afrika Mashariki haina. Heri aseme waziwazi, "siku ya jua pole mwanzoni mwa baridi, kana kwamba machipuo yamechungulia". Sentensi hiyo ni ndefu kuliko neno, lakini inahifadhi mambo matatu ambayo neno linayadai: tarehe, upole na ufananisho. Likikosekana mojawapo, kinachobaki ni habari za hali ya hewa.

Lugha ya Kijapani haijapungukiwa na maneno ya joto. Yameongezeka, na yale ya vipimo ni ya lazima katika nchi ambayo watu huugua na kufa kwa joto. Kilichopungua ni maneno yanayoweza kulikaribisha joto lisilo la wakati wake na kulikalisha mahali panapojulikana. Maneno hayo yaliwezekana kwa sababu hitilafu zilikuwa ndogo na zilirudi kila mwaka. Hitilafu inayozidi kila mwaka haikalishiki. Hupimwa, huandikwa, na mwaka unaofuata hupimwa tena.